Vidole vya Chura, Pete ya Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika ndege wala chura. Nilishika penseli. Chef de travaux wetu (ni cheo cha mwalimu aliye katikati, juu ya wasaidizi na chini ya maprofesa) aliniketisha kwenye benchi katika ofisi ya kituo cha utafiti, hapa Makiso, mjini Kisangani, akaweka mbele yangu daftari la jalada gumu na kuniambia niandike jina langu. Nikaandika. Akaniambia sasa niliandike kwa kosa.

"Kwa kosa namna gani, chef?"

"Weka herufi moja ya uongo. Unaogopa nini? Ni jina yako, haitakufa."

Nikaandika Tomaso badala ya Tomasi, kisha nikachukua kifutio nisafishe. Akanipiga rula mkononi, si kwa nguvu.

"Non! Hapa kufuta hapana. Unapiga mustari moja tu, ili kila mutu aweze kusoma kosa yako. Ya kweli unaiandika kando, unaweka tarehe ya siku ile unarekebisha, halafu saini. Ya siku ile unarekebisha, Tomasi, si ya siku ile ulikosa. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nimeifuata kanuni hiyo mpaka nilipostaafu, na bado kuna ukurasa mmoja ulionishinda.

Shule yangu ni ndogo. Msingi nilimaliza, sekondari niliiacha mwaka wa pili. Waliniajiri kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na kwa sababu utotoni nilinasa ndege kwa ulimbo nikawajua kwa sauti zao. Kwa hiyo mkiona hapa nimeeleza vibaya jambo la kisayansi, lawama ni yangu, si ya walimu wangu. Kila jioni niliandika pia katika daftari langu mwenyewe, la nyumbani, yale mambo ambayo daftari la kazi halikuwa na safu yake. Ninaandika kumbukumbu hizi kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya msituni. Ninaziandika pia kwa ajili ya mtu mmoja, Papa Bolamba, aliyefukuzwa kazi kwa maneno yangu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Ndiyo shida yenyewe.

Bolamba na mimi tuliajiriwa mwezi mmoja. Mimi nilipewa ndege, yeye alipewa vyura. Alikuwa mtu wa maporomoko, wa ukoo wa wavuvi, wale wanaosimika magogo makubwa katikati ya mawe ya mto, wakayafunga kwa kamba za msituni, kisha wakaning'iniza mitego ya kusuka yenye kinywa kipana kuliko mlango. Baba yake alipanda magogo hayo kila asubuhi, maji yakiunguruma chini yake. Bolamba mwenyewe aliacha mto kwa sababu ya bega lililoteguka. Alikuwa na maneno mengi na kuandika kidogo. Tarakimu alizijua vizuri, herufi zilimchelewesha. Ndiyo maana chef de travaux aliniambia niwe namwandikia yeye pia katika daftari la kazi.

Tulifanya kazi ng'ambo ya mto, upande wa kushoto. Tulivuka kwa mtumbwi alfajiri, tukatembea mpaka bonde moja lenye kijito na maji yaliyotuama. Mle ndani mlikuwa na layon, yaani njia nyembamba iliyofyekwa kwa kunyooka, na pembeni yake vijiti vyenye namba. Kila kitu kilichokamatwa kilikuwa na kijiti chake. Hukuandika "karibu na mti mkubwa". Uliandika "kijiti cha nne".

Mkuu wetu wa juu alikuwa Profesa. Nataka kumtendea haki, kwa sababu baadaye nitamsema. Alikuja msituni kwa viatu vyake mwenyewe vilivyotoboka, alikula kwanga, mkate wetu wa muhogo, pamoja nasi, na majina ya watoto wetu aliyajua. Siku alipotueleza kazi alisimama ndani ya tope na kusema:

"Hawa wawili ni jirani. Kila mwanaume kati yao anaimba ili apate bibi. Kila mmoja ni mwepesi kuliko barua. Ndege iko na mabawa, chura iko na vidole. Bon. Mashamba yanakaribia hili bonde. Nani atabaki, nani atakwenda? Nataka kujua hiyo tu mbele nife."

"Na kama wote wawili watabaki, Prof?" Bolamba aliuliza.

"Basi tutakunywa."

"Na kama wote wawili watakwenda?"

"Tutakunywa vilevile. Lakini bila muziki."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi: kumlinganisha chura wa miti na ndege mwimbaji, katika bonde moja, kwa miaka. Niwaeleze kama nilivyowajua.

Ndege alikuwa wa jamii ya shore, mdogo, kijani kilichochafuka kama pondu, majani ya muhogo, iliyolala. Humwoni, unamsikia. Anaimba alfajiri akiwa ndani ya mimea inayotambaa juu ya miti. Wimbo wake unapanda, unapanda, halafu unakatika kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya pili. Chura alikuwa na urefu wa kiungo cha kwanza cha dole gumba langu, kijani kibichi, na mstari wa njano kutoka puani kupita jichoni. Yeye aliimba kabla ya jua kuzama, hasa baada ya mvua, na sauti yake ilikuwa moja tu, kama tone linaloanguka ndani ya chupa tupu. Ndege huimba zaidi akiwa peke yake. Chura huimba jirani yake akiimba. Mmoja akinyamaza, wote wananyamaza. Ukimshika ndege, moyo wake unapiga mpaka huwezi kuhesabu, anakuuma, anakunyea mkono. Ukimshika chura, anakaa. Miguu anaikunja chini ya tumbo na kukutazama. Ndege akikuogopa anakuambia. Chura hakuambii kitu.

Kuwalinganisha kulihitaji alama, ili ukimkamata tena ujue ni yuleyule. Kwa ndege tulikuwa na wavu mwembamba sana, mweusi, ambao wenyewe tuliuita file japone, yaani wavu wa Kijapani. Unaufunga kati ya fito mbili kwenye njia yake, anaruka bila kuuona, anaanguka kwenye mfuko wa wavu. Unamtoa miguu kwanza. Unampima bawa kwa rula, unampima uzito ndani ya kifuko cha kitambaa, kisha unamvika pete ya bati mguuni kwa koleo maalumu. Pete ina namba. Ikikaa vizuri inazunguka kama bangili na haimsumbui. Nilivika pete nyingi maishani, na sijivuni nikisema sikuwahi kumvunja ndege mguu.

Chura havai pete, ngozi yake ni laini mno. Kwake kanuni ilikuwa kukata vidole. Kila kidole cha kila mguu kilikuwa na thamani yake, na kwa kukata ncha ya kimoja hapa na kimoja pale ulipata namba. Mkasi mdogo, alkoli, kata, mwache. Sehemu nyingi duniani walifanya hivyo. Profesa hakuibuni yeye. Alisema kidole cha chura ni kama ukucha kwetu.

Bolamba hakukubali tangu mwanzo. Tulikuwa tumekaa kwenye gogo tukila liboke ya samaki aliyotufungia kwenye majani mke wake, Mama Georgine, naye akaanza:

"Tomasi, ukucha gani? Umeangalia kidole ya huyu mutoto? Mwisho yake iko bapa kama sarafu. Hiyo ndiyo inashika jani."

"Prof amesoma, Bolamba."

"Amesoma, sikatai. Lakini baba yangu alipanda magogo ya mutego bila kamba. Unajua alishika na nini? Na kidole kubwa ya muguu. Mikono ilikuwa na kazi ya samaki. Ungemukata ile kidole, jioni ungekuja kwetu kulia matanga."

Akasimama, akakata jani kubwa la mangongo, akalilowesha kijitoni. Akamweka juu yake chura ambaye hajakatwa, akaliinua jani mpaka likasimama wima. Chura alibaki kama amegandishwa. Kisha akachukua yule tuliyemkata asubuhi, vidole viwili vya mbele. Jani lilipofika nusu ya kuinuka, chura akaanza kuteleza. Alijaribu kushika. Niliona mkono wake ukifunguka na kujifunga juu ya jani kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Akaanguka majini.

"Andika," Bolamba akasema.

"Niandike wapi?"

"Ndani ya daftari ya kazi! Si iko safu ya mwisho pale?"

Safu ya mwisho ilikuwa ya "maelezo". Lakini chef de travaux alishatuonya kwamba safu hiyo ni ya mvua na ya hali ya maji, na mtu mwenye maoni ayapeleke kwa mke wake. Nikamwambia Bolamba nitauliza kwanza. Sikuuliza. Jioni, nyumbani kwetu mtaa wa Tshopo, niliandika katika daftari langu: jani la mangongo, vyura wawili, mmoja ameshika, mmoja ameanguka. Niliandika pia kwamba huenda ilikuwa bahati, kwa kuwa tulijaribu mara moja. Tulijaribu tena siku nyingine, ikawa vilevile. Hiyo nayo niliiandika nyumbani.

Misimu ikapita. Ndege wa pete walirudi wavuni, wengine mpaka nikawasalimu kwa namba. Vyura waliokatwa hawakuonekana tena, au mmoja mmoja tu. Bolamba alitembea layon asubuhi na jioni, akageuza majani, na mstari wake katika daftari la kazi ulikuwa ni uleule: hakuna, hakuna, hakuna. Ni mimi niliyemwandikia kila "hakuna". Vyura wasiokatwa walikuwepo, wakiimba.

Sasa nifike kwenye asubuhi ile. Nilivuka mapema kuliko kawaida ili nifungue nyavu, na nilipofika kijiti cha saba nikamkuta Bolamba amelala. Ameegemea mfuko wake, kinywa wazi, miguu ndani ya majani. Jua lilikuwa limeshatoka. Sikumwamsha. Nilipita kwa kunyata, nikiona haya kwa niaba yake, na jioni nikaandika katika daftari langu: "Bolamba amelala kijiti cha saba, saa za kazi." Niliandika hivyo kwa sababu ilikuwa kweli, na nilikuwa nimejiwekea sharti la kuandika ya rafiki kama ya mtu mwingine.

Haukupita mwezi, Profesa akaja na chef de travaux. Walifungua daftari juu ya meza yetu ya fito. Profesa alifuata safu ya vyura kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hakuna, hakuna. Bolamba, unatafuta kweli?"

"Natafuta, Prof. Haviko. Ile vidole..."

"Vidole tulishaongea." Akanigeukia. "Tomasi, weye ni mutu wa haki, kila mutu anajua. Nataka jibu moja. Huyu anatembea layon, ao anakaa?"

Bolamba alinitazama. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

Nilifikiri sana. Nilijiambia nisimpendelee kwa kuwa ni rafiki, nisimwonee pia. Nikasema: "Anatembea, Prof. Siku nyingi anatembea. Siku moja nilimukuta amelala kwenye kijiti cha saba."

"Siku moja," akasema chef de travaux, "ni ile uliona."

Sikuulizwa kuhusu jani la mangongo. Nilikuwa na habari hiyo mfukoni, katika daftari langu, nimeliweka pale siku hiyo kwa makusudi ya kulionyesha, naapa. Lakini nilijiambia kwamba mimi si msomi, kwamba tulijaribu mara chache, kwamba pengine nyoka ndio waliowala wale vyura. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba wote walikufa kwa sababu ya vidole. Mtu mwenye shaka ana ruhusa ya kunyamaza. Ndivyo nilivyofikiri wakati ule.

Bolamba hakujitetea. Alichukua panga lake na mfuko wake. Aliponipita alisema kwa sauti ya kawaida, kama tunaagana kwa chakula cha mchana: "Bon, mutu wa haki. Mama Georgine atakuuliza kama ulimaliza liboke."

Jumatatu iliyofuata nilipewa mkasi wake.

Vijana wangu, hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Kuanzia siku ile mimi nilishika ndege na vyura wote. Nilikata vidole kwa miaka. Nilikata vizuri, kwa mkono mwepesi, na nilipowatafuta sikuwapata, kama Bolamba. Nami niliandika "hakuna, hakuna". Tofauti ni kwamba hakuna aliyeniuliza kama ninalala. Profesa alikuwa ameshaandika ripoti yake: ndege mwimbaji hushikamana na mahali pake, chura wa miti ni dhaifu, hakai. Lililokuwa kosa mikononi mwa Bolamba likawa matokeo mikononi mwangu. Na kila jioni niliandika nyumbani kile nilichokiona, tarehe, kijiti, vidole vipi. Kuandika kulinipa usingizi. Ndiyo dawa mbaya ya madaftari.

Baadaye walinipeleka Yahuma, katika msitu wa watu wanaoishi kwa mashamba yao, chini ya chef de station (mkuu wa kituo) mmoja mpole sana aliyependa kuhesabu ndege akiwa amekaa kitini. Sina ubaya naye. Masikio yake yalikuwa mazuri kuliko miguu yangu. Mama mmoja aliyetuuzia mihogo aliniuliza kazi niliyoifanya mjini. Nikamweleza. Akaweka kikapu chini.

"Unamukata chura vidole?"

"Ncha tu, mama. Ili tumujue."

"Alikuibia nini?" Akawaita wenzake. "Mukuje musikie! Kisangani wanakata chura mikono kama mwizi!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka pia. Niliandika kicheko hicho katika daftari langu, lakini sikuandika kwamba nilipofika kitandani nilivitazama vidole vyangu.

Miaka yangu ya mwisho nilirudi Makiso, ofisini, katika chumba cha makusanyo. Ni chumba cha viumbe waliotunzwa: ndege katika droo, wamelala chali, pamba mahali pa macho, kibandiko mguuni, vyura katika chupa za alkoli. Hata hapo wanatofautiana. Ndege mkavu anabaki na rangi yake, unaweza kumtambua baada ya miaka mingi. Chura ndani ya alkoli anapoteza kijani, anakuwa kama buluu, kisha kijivu, kisha kama maji ya mchele. Kitu ambacho hakipotei, kwa wale wachache tuliowapata tena, ni vidole visivyokuwepo. Nilikuwa nabadilisha alkoli na kuwahesabu kupitia kioo, ingawa hakuna aliyenituma kuhesabu.

Mkuu wangu wa mwisho alikuwa chef de section, mkuu wa idara, daktari wa mambo ya wanyama, mwanamke wa umri wa binti yangu. Tulimwita Madame. Siku moja aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Papa Tomasi, hawa nani aliwakata?"

"Mimi, Madame. Kabla yangu, Papa Bolamba."

"Siku hizi wengi wameacha, hasa kwa vyura wa miti. Tunawapiga picha madoa ya tumbo, kila mmoja ana yake. Simu inatosha." Akaweka chupa chini. "Kuna kitu sielewi. Watu walikuwa hapa kila siku na hawa wanyama. Hakuna hata mmoja aliona kwamba wanaanguka?"

Ningeweza kusema hapana. Profesa alikuwa ameshafariki, chef de travaux pia.

"Kulikuwa na mtu aliona," nikasema.

"Aliandika?"

"Mimi ndiye niliandika."

"Wapi? Nimesoma madaftari yote ya kazi."

"Nyumbani."

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kiti kidogo cha kupandia rafu, mikono juu ya magoti. "Nyumbani," akasema. "Papa, mimi nimetumia ile ripoti ya zamani katika kazi yangu mwenyewe. Nimeandika kwamba chura hakai." Kisha akaniomba nimletee madaftari yangu.

Nilimwambia kwanza nimwombe ruhusa mwenye maneno. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia njia ya kuchelewa. Nilistaafu. Walinifanyia karamu ndogo, wakanipa saa ya ukutani, Madame akasema maneno mazuri, na mwisho akanishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Papa Bolamba umemuona?" Nikasema nitakwenda wiki hiyo. Mvua zote zikapita.

Mtu akistaafu anadhani atapumzika na mambo yake. Mimi niligundua kwamba kazi ndiyo iliyokuwa inanipumzisha. Kulikuwa na wavu wa kufungua, alkoli ya kubadilisha. Sasa nilibaki na saa ya ukutani na rafu ya madaftari.

Mwezi uliopita nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka maporomoko. Nilikuwa nimefunga daftari moja ndani ya mfuko wa plastiki. Bolamba alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anasuka kinywa cha mtego. Nywele zake zimekuwa nyeupe, bega lile limeshuka zaidi. Alinitazama nikija kutoka mbali bila kuacha kusuka.

"Mama Georgine!" akaita. "Lete kiti. Mutu wa haki amekuja kumaliza liboke yake."

Mama Georgine alinisalimu vizuri tu. Alileta kiti, akarudi jikoni kwake, na mlango akauacha wazi.

Nilimweleza kila kitu, kuhusu Madame, kuhusu picha za tumbo, kwamba yeye Bolamba ndiye aliyekuwa sahihi. Nilidhani atafurahi. Alipitisha kamba, akavuta, akapitisha tena.

"Mambo ya vidole nilijua zamani," alisema. "Hiyo si habari. Soma ile siku nyingine."

"Siku gani?"

"Unajua siku gani."

Nikafungua ukurasa. Nikasoma: "Bolamba amelala kijiti cha saba, saa za kazi."

"Ni kweli," akasema. "Nililala. Sasa niambie, Tomasi, uliponikuta uliniuliza nini?"

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Ulipita kama paka, nilisikia majani kidogo. Ungeuliza, ningekuambia. Nilikuwa pale tangu jana yake jioni. Sikurudi nyumbani. Nilitaka kuona wale tulikata wanaenda wapi, ju Prof alisema wanahama. Hawahamake, Tomasi! Wanapanda kuimba, jani linatikisika, wanaanguka ndani ya maji. Na chini iko samaki anangojea, kinywa juu, vile tunangojea siye kwenye mutego. Mi ni mutu wa samaki, ningekosa kuona? Niliangalia mpaka ndege zako zikaanza kuimba. Ndipo nikalala."

Nikasema lisilofaa: "Kwa nini hukumwambia Prof?"

"Na kinywa gani? Aliniambia vidole tulishaongea. Alikuuliza weye. Weye ndiye ulikuwa na maandishi ndani ya mufuko, niliona pembe ya daftari imetokea. Nilisema moyoni, bon, Tomasi ataitoa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Georgine bado anauliza: huyu rafiki yako, alisahau, ao aliogopa?"

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Nikajibu kwa sauti ya kufika huko: "Niliogopa."

Jikoni bakuli liliwekwa chini.

Nikatoa kalamu. Nikamwambia nitayapiga maneno yale mstari kwa kanuni ya chef, mstari mmoja tu, yasomeke bado. Akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Usipige. Nililala, na nilikoroma. Usinifanye mutakatifu. Andika kando tu."

Nikaandika kando, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo: "Bolamba alikuwa hapa tangu jana yake jioni, akiwaangalia vyura waliokatwa vidole. Aliwaona wanaanguka majini na samaki kuwala. Alilala kulipokucha. Mimi sikumuuliza." Akataka nimsomee mara mbili. Mara ya pili Mama Georgine alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, mikono ina unga.

"Tarehe," Bolamba akasema.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe juu ya ukurasa, ukaanza kunakili tarehe ya asubuhi ile ya zamani. Nimesema tarakimu alizijua.

"Ya leo, Tomasi. Chef hakukufundisha? Siku ile unarekebisha."

Niliweka tarehe ya siku hiyo. Nikatia saini. Juzi madaftari yote nimempelekea Madame, na ukurasa ule ameuwekea kipande cha karatasi. Ukiufungua utaona tarehe mbili. Kati ya tarehe hizo kuna nafasi tupu ya upana wa vidole viwili.